Riwaya za Zamani Humsaidia Kijana Kumtambua Mwonevu na Mlaghai



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, maji safi na chanjo za watoto. Mwezi huu tuzungumze juu ya tatizo ambalo darubini ya maabara haiwezi kulionyesha, nalo ni uonevu na ulaghai wanaotendewa vijana wetu shuleni, mabwenini, njiani, na siku hizi hata kwa njia ya simu. Kinga tutakayoieleza si kidonge wala sindano. Ni kitabu cha hadithi, yaani riwaya, hasa zile za zamani ambazo vizazi vingi vimezisoma.

Huenda mzazi atauliza: Riwaya na afya vinahusianaje? Tuanze na ugonjwa wenyewe, kisha twende kwenye kinga.

UONEVU NI NINI?

Mtaalamu mmoja aitwaye Dan Olweus, aliyefanya kazi nchini Norway, alianza kuchunguza uonevu wa shuleni katika miaka ya 1970. Alitupa alama tatu za kuutambua. Kwanza, ni kitendo cha makusudi cha kumwumiza mtu, kwa mkono au kwa maneno. Pili, kinarudiwa tena na tena. Tatu, nguvu za pande mbili hazilingani. Watoto wawili wa rika moja wakigombania mpira, huo ni ugomvi wa watoto. Lakini mkubwa akimpora mdogo chakula kila siku, au kundi zima likimcheka mmoja wiki baada ya wiki, huo ni uonevu.

Watu wengi husema, "Ni mizaha tu, atazoea." Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavulana watatu nchini Norway walijiua, na uonevu ukatajwa kuwa sababu iliyo karibu zaidi. Nchi hiyo ikaanzisha kampeni ya kupambana na uonevu katika shule zake. Mwaka 2019 shirika la UNESCO lilieleza kwamba, duniani, karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia kuulizwa kwake.

Ulaghai ni ndugu wa uonevu, lakini wenyewe huja na uso wa kucheka. Mwonevu hutumia ngumi na matusi. Mlaghai hutumia nyama ya ulimi, zawadi, siri na deni. Mara nyingi mtu huyo huyo hutumia vyote viwili, leo hiki, kesho kile.

DALILI TUNAZOZIONA

Mtoto anaweza kuletwa hospitalini kwa sababu tumbo linamwuma kila Jumatatu asubuhi, au kichwa kinamgonga kila likizo inapokaribia kuisha. Tunapima damu, tunapima choo, hatuoni kitu. Dalili nyingine ni hizi:

- hapati usingizi, au anashtuka usiku;
- amerudia kukojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha;
- hataki kula, au anarudi nyumbani na njaa kama mtu aliyenyang'anywa chakula;
- daftari, viatu au fedha zake zinapotea mara kwa mara;
- maendeleo yake darasani yanashuka ghafla;
- ana alama za kupigwa na maelezo yake hayaeleweki;
- ana vitu vipya ambavyo wazazi hawakumnunulia, na hataki kusema vimetoka wapi;
- anasema maisha hayana maana, au afadhali asingezaliwa. Hii ni dalili ya hatari. Usiicheke wala usiikemee.

Baadhi ya dalili hizi huletwa pia na magonjwa ya mwili, kwa hiyo mtoto apimwe kwanza. Lakini vipimo vikiwa safi, mzazi asimwambie kuwa anajifanya. Maumivu ya tumbo yanayoletwa na hofu ni maumivu ya kweli.

KWA NINI RIWAYA?

Tukimwambia kijana "jihadhari na marafiki wabaya," hujibu "ndiyo mama," kisha anakwenda zake. Kichwani mwake rafiki mbaya ana sura mbaya. Yule anayemnunulia soda na kumsifu uzuri wake, hamhesabu kuwa miongoni mwao.

Riwaya nzuri humwonyesha jambo zima, tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji anaiona hila ikiandaliwa, wakati mhusika mwenyewe bado haijui. Tena anaweza kurudi ukurasa wa nyuma na kujiuliza: Haya yalianza wapi? Katika maisha hatuna ukurasa wa nyuma. Muuguzi hujifunza dalili za pepopunda darasani, ili siku atakapomkuta mgonjwa amekaza taya wodini asianze kushangaa. Vivyo hivyo kijana aliyekwisha kumwona mlaghai kitabuni ana nafasi nzuri zaidi ya kumtambua atakapokutana naye njiani.

Hebu tuangalie vitabu vitatu vya waandishi wa Uingereza vinavyojulikana sana, halafu viwili vinavyosomwa kwa Kiswahili.

1. OLIVER NA MZEE FAGIN

Charles Dickens alitoa riwaya ya Oliver Twist kwa sehemu-sehemu kuanzia mwaka 1837 hadi 1839. Oliver ni yatima. Anatoroka kwa mtengeneza majeneza aliyekuwa akimtumikia na kutembea kwa miguu kwenda London. Akiwa amechoka na njaa, anakutana na kijana mmoja mchangamfu anayemnunulia chakula na kumpeleka kwa mzee Fagin. Pale hapigwi hata kofi. Anapewa soseji, kinywaji cha moto na mahali pa kulala. Asubuhi anamwona mzee akicheza na vijana: mzee anatembea chumbani na leso mfukoni, vijana wanajaribu kuichomoa asihisi. Oliver anacheka hadi machozi. Hajui kwamba anafundishwa wizi.

Baadaye Oliver anapata watu wema, lakini genge linamkamata na kumrudisha. Sasa Fagin anabadilika. Anamkumbusha jinsi alivyomwokoa na njaa, na kumsimulia habari za kijana mmoja asiye na shukrani aliyeishia kunyongwa. Kisha anamwacha peke yake siku nyingi katika nyumba chafu yenye giza. Anapomruhusu kukaa na vijana wengine, Oliver anafurahi kupata mtu yeyote wa kuongea naye, hata kama ni mwizi.

Zihesabuni hatua hizi pamoja na watoto wenu:

(a) Mlaghai humchagua aliye mpweke au mwenye shida.
(b) Humtimizia haja ya kweli, kama chakula, fedha au sifa.
(c) Huligeuza baya kuwa mchezo.
(d) Humtenga na watu wema.
(e) Humkumbusha deni la fadhila na kumtisha.
(f) Humpa upole kidogo-kidogo, ili amtegemee yeye tu.

Mtu anayemrubuni msichana kwa lifti na vocha za simu hupita njia hii hii. Na lieleweke vizuri: Oliver hakukosa kwa kuwa na njaa. Kosa ni la mtu mzima aliyeitumia njaa ya mtoto.

Neno moja la tahadhari. Fagin anaelezwa kitabuni kuwa Myahudi, na Dickens alilirudia neno hilo kwa namna iliyolidhalilisha taifa zima. Mwaka 1863 mama mmoja Myahudi, Eliza Davis, alimwandikia kumlalamikia, na katika toleo la baadaye Dickens alilipunguza sana neno hilo. Tuwaeleze vijana hivyo. Hata kitabu kizuri kinaweza kuwaonea watu wa kabila au dini fulani, na msomaji mwerevu hukipima.

2. DAVID NA RAFIKI YAKE STEERFORTH

Kitabu cha pili ni David Copperfield, cha Dickens huyo huyo, kilichotolewa mwaka 1849 hadi 1850. David anapelekwa shule ya bweni akiwa mtoto mdogo. Mwanafunzi mkubwa aitwaye Steerforth, mzuri wa sura na mtoto wa tajiri, anamwuliza ana fedha kiasi gani. Ana shilingi saba. Steerforth anajitolea kumtunzia, kisha anazitumia zote kwa mvinyo, keki, biskuti na matunda ya kula usiku bwenini. Mdogo anaporwa, na bado anashukuru! Anajiona ana bahati kwa kuwa mkubwa huyo amekuwa mlinzi wake.

Wazazi mliosoma bweni, mnamjua mtu huyu. Hampigi mdogo wake. Anamlinda dhidi ya wengine, na bei ya ulinzi huo ni sanduku lake la vyakula, kumfulia nguo, na kunyamaza.

Ona sasa kazi ya siri. David anamweleza Steerforth kwa nia njema kwamba mama wa Bwana Mell, mwalimu mmoja fukara, anaishi katika nyumba ya kutunzia maskini. Siku moja Steerforth anamdhalilisha mwalimu huyo mbele ya darasa kwa habari hiyo hiyo, na mwalimu anafukuzwa kazi. Darasa zima linamshangilia Steerforth. Mvulana mmoja tu, Traddles, anamwambia kuwa amefanya aibu. Traddles analia kwa kumhurumia mwalimu, na kwa machozi hayo anachapwa viboko.

Hapa pana maswali matatu ya kumwuliza kijana. Je, siri za wenzako ziko salama kwako? Je, rafiki yako hutumia siri kama silaha? Na darasa linaposhangilia, wewe uko upande wa nani? Mwonevu huishi kwa makofi ya watazamaji. Wakinyamaza, nguvu yake hupungua. Na mmoja akimwendea aliyeonewa na kukaa naye, hupungua zaidi.

Miaka mingi baadaye David mwenyewe anamkaribisha Steerforth kwa familia ya wavuvi anaowapenda. Steerforth anamrubuni Emily, binti wa nyumba hiyo aliyekuwa mchumba wa mtu, anatoroka naye, kisha anamwacha nchi ya mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Msomaji akirudi nyuma anaona kwamba zile shilingi saba zilikuwa dalili ya kwanza.

3. JANE NA MTU WA DAWA

Charlotte Brontë alitoa riwaya ya Jane Eyre mwaka 1847. Jane ni yatima wa miaka 10 anayelelewa na mke wa mjomba wake. Binamu yake John, mwenye miaka 14, humpiga mara kwa mara, na mama mtu hujifanya haoni. Siku anapomtupia kitabu na kumjeruhi kichwani, Jane anapigana naye. Anayeadhibiwa ni Jane: anafungiwa peke yake katika chumba anachokiogopa, hadi anazimia kwa hofu.

Anaitwa Bwana Lloyd, mtu wa dawa aliyekuwa akiwatibu watumishi wa nyumba ile. Mtumishi anasema mtoto alianguka. Jane anasema aliangushwa kwa kupigwa. Kengele ya chakula ya watumishi inapolia na yule mtumishi kuondoka, Bwana Lloyd anabaki na mtoto peke yake na kumwuliza kwa upole kinachomsikitisha. Anamsikiliza, kisha anashauri apelekwe shule.

Sisi watu wa hospitali tujifunze hapo. Mtoto aulizwe akiwa peke yake na mhudumu, kwa faragha na bila haraka. Mwonevu anaweza kuwa ndiye aliyemleta.

Shuleni nako msimamizi, Bwana Brocklehurst, anamsimamisha Jane juu ya kiti mbele ya wote, anamtangaza kuwa mwongo na kuwaamuru wenzake wamtenge. Huu ni uonevu wa mtu mzima mwenye cheo, tena anayetumia maneno ya dini kujifunika. Mambo mawili yanamwokoa Jane. Helen, mwanafunzi mwenzake, anapita karibu naye na kumpa tabasamu. Mwalimu wake, Bibi Temple, anamsikiliza, anaandika barua kwa Bwana Lloyd kuthibitisha maneno yake, na kulisafisha jina lake mbele ya shule nzima. Aibu aliipata hadharani, na heshima yake ikarudishwa hadharani vilevile. Walimu wetu walikumbuke hilo.

VITABU VYA KISWAHILI

Shamba la Wanyama ni tafsiri ya Fortunatus Kawegere, iliyotoka mwaka 1967, ya kitabu cha George Orwell cha mwaka 1945. Wanyama wanaandika amri ukutani. Nguruwe wakishika madaraka, maneno ya amri yanaongezwa kwa siri, na nguruwe mmoja hodari wa kusema anawahakikishia wenzake kwamba yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Wanyama wanaona afadhali kuishuku akili yao. Mlaghai wa nyumbani au wa bwenini hufanya hivyo hivyo: "Hukusikia vizuri. Sikusema hivyo. Wewe unapenda kukuza mambo." Kijana aliyesoma Shamba la Wanyama anajua faida ya kuandika tarehe na maneno yaliyosemwa.

Rosa Mistika, ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka mwaka 1971 na kwa muda fulani ilikatazwa mashuleni. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, mlevi na mkali, anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua na hofu tu, hana mtu mzima wa kumwuliza. Anapokuwa mbali na nyumbani, hana kinga mbele ya wanaume wanaomrubuni, na mwisho wake ni kifo cha kujiua. Kitabu hiki kinafaa kusomwa na wazazi kwanza. Kinatuonyesha kwamba kipigo hakimkingi binti na walaghai, bali humfundisha kuficha. Kijana mwenye huzuni nzito asiachwe akisome peke yake.

KITABU SI CHANJO

Tusidanganyane. Mwaka 2013 watafiti wa New York walitangaza kwamba kusoma hadithi za fasihi, hata kwa muda mfupi, kunamwongezea mtu uwezo wa kuelewa hisia za wengine. Mwaka 2016 watafiti wengine waliporudia jaribio hilo hawakupata matokeo yale. Kwa hiyo hatusemi kwamba kijana akimaliza kurasa mia tatu basi amepona. Wapo waliosoma sana na bado wakalaghaiwa, na wapo waonevu wenye vyeti vizuri.

Faida kubwa ni mazungumzo. Kijana anayeona aibu kusema "mimi ninaonewa" anaweza kusema "huyu Steerforth anafanana na kaka mmoja wa kidato cha nne." Hapo mlango umefunguka. Kitabu kimempa jina la jambo lililokuwa halina jina, nasi tumepata nafasi ya kumsikiliza.

NAMNA YA KUSOMA NYUMBANI

1. Anzeni na kitabu kimoja. Kiazimeni katika maktaba ya shule au ya mji, au familia tatu za jumuiya zinunue kimoja na kupokezana. Matoleo yaliyofupishwa kwa Kiingereza chepesi yanafaa kwa anayeanza.
2. Someni kwa sauti dakika 20 baada ya chakula cha jioni, siku mbili au tatu kwa wiki. Babu na bibi wasiojua kusoma washiriki. Wao ni mabingwa wa hadithi.
3. Katikati ya sura, simameni na kuuliza: Huyu anataka nini hasa? Nani anajua? Nani amenyamaza? Wewe ungemwambia nani?
4. Msigeuze kitabu kuwa fimbo. Usimwambie mtoto, "Umeona? Wewe ndivyo ulivyo!" Hatasoma tena.
5. Ulizeni pia: Je, katika nyumba hii yupo anayefanana na mwonevu wa kitabuni? Ni swali gumu, na linawahusu hata akina baba na akina mama. Mtoto aonewaye nyumbani mara nyingine huenda kumwonea mwenzake shuleni.

KIJANA AKISEMA

Msikilize hadi mwisho. Usimwulize kwanza, "Wewe ulimfanya nini?" Mwambie umemsadiki na kwamba umefurahi amesema. Usimwahidi kutunza siri ambayo itamwacha hatarini. Andika alichosema, tarehe na mahali, kisha nenda kwa mwalimu wa malezi au mkuu wa shule bila kelele. Usiende kumpiga mtoto wa mwenzako. Naye anahitaji msaada, maana uonevu usiporekebishwa hukua pamoja naye.

Kama kuna kipigo kikali au vitisho, mwone afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Nchini Tanzania, na Kenya pia, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure. Kama kijana ameingiliwa kimwili, afike hospitalini mara moja, kabla ya kuoga kama inawezekana. Dawa ya kuzuia maambukizo ya VVU inapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa moja ina maana. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Aletwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Nanyi vijana: kusema si umbeya. Mdogo wako bwenini akionewa, usingoje awe mgonjwa. Kaa naye wakati wa chakula, mfuate anapokwenda kisimani, na mpeleke kwa mtu mzima unayemwamini. Traddles alikuwa mmoja tu darasani. Wangekuwa wawili, labda mwalimu Mell asingeondoka amejiinamia.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kifafa na jinsi ya kumsaidia mgonjwa anapoanguka.